Laptopu mpya, intaneti ya kobe: tupime wenyewe kabla ya kukimbilia kwa fundi



Baada ya Idd harusi huwa hazipishani, na siku hizi pamoja na harusi huja laptopu mpya. Wapo wanaonunua kwa ajili ya biashara zao, wa mapambo, wa keki, wa hina, wa kushona. Wapo mabiharusi wanaotiliwa ndani ya sanduku, kando ya mikoba na manukato, mashallah. Na malalamiko yanayofuata ni yale yale: "Shoga, laptopu mpya hata nailoni yake sijaitoa, lakini waifai inatambaa kama kobe. Simu yangu pahala hapo hapo inakwenda vizuri." Jibu analopewa nalo ni lile lile: "Ipeleke kwa fundi akuangalilie."

Sisi tunasema ngoja kwanza. Kwa maoni yetu, mwanamke mwenye laptopu yake ajifunze kutafuta mwenyewe kwa nini intaneti iko pole, na fundi awe wa mwisho kuitwa. Kuokoa pesa ni faida moja tu. Kubwa zaidi ni kilichomo ndani ya hizo laptopu.

Hebu tusemezane ukweli. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunapokea picha kila siku. Biharusi anatuma picha yake ya kipimo cha kwanza, kichwa wazi, mabega wazi, ili tuone kifua kimekaa vipi. Anatuma picha za singo, za kesha la wanawake watupu, za dada zake wakiwa wamejipamba. Anatuma kwa sababu anatuamini. Picha zile zinatoka kwenye simu zinaingia kwenye laptopu, tunazipanga kwa majina na vipimo. Hiyo ni amana, na amana katika dini yetu si jambo dogo. Sasa waifai ikiwa pole, unaikamata laptopu ile ile, unampelekea kijana wa dukani usiyemjua, anakuuliza neno la siri, unampa, anakwambia rudi kesho kutwa. Siku mbili nzima zile picha ziko mikononi mwa mtu ambaye wenyewe hawakumruhusu kuziona.

Hatumtuhumu fundi yeyote. Mafundi wengi ni watu wa heshima na wana familia zao. Lakini mwenye amana ni wewe, na biharusi aliyekutumia picha hakukuruhusu kuipitisha kwa mkono wa tatu kwa tatizo ambalo pengine lingemalizika kwa kusogeza kabati.

Kwanza tujue tatizo liko njia gani

Sote tunajua cherehani ikianza kuruka nyuzi hatukimbilii kuifungua tumbo. Tunatunga uzi upya. Haikusaidia, tunabadilisha sindano. Haikusaidia, tunaangalia kukaza kwa uzi, kisha bobini. Tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati, tunashona kipande cha majaribio, tunaangalia. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hata kikipona hujui kilichokuwa kinaumwa. Waifai inataka adabu hiyo hiyo.

Kitu cha kwanza cha kufahamu ni kwamba intaneti inafika kwenye laptopu yako kwa vipande viwili vya njia. Kipande cha kwanza ni kutoka mnara wa simu, au kwenye waya wa kampuni, mpaka kwenye ruta yako. Kipande cha pili ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptopu. Waifai ni hicho kipande cha pili tu. Ile alama ya mistari iliyopinda pembeni ya kioo inakueleza habari ya kipande cha pili peke yake. Ndiyo maana unaweza ukaona mistari yote imejaa na bado ukurasa haufunguki: ruta iko karibu nawe, lakini yenyewe haipati mtandao wa kutosha kutoka mnarani. Majumbani mwetu wengi tunatumia ruta za laini ya simu, kwa hivyo hili hutokea sana.

Kwa hivyo pima. Kaa na laptopu karibu na ruta, hatua mbili tatu, pasiwe na ukuta katikati. Fungua fast.com au speedtest.net, andika namba inayotoka. Chukua simu, iunge kwenye waifai ile ile, uzime data ya laini yake ili isikudanganye, kisha pima pahala pale pale. Sasa una namba mbili mkononi.

Zote mbili zikiwa ndogo, laptopu haina kosa. Tatizo liko kwenye ruta au kwa kampuni. Simu ikiwa na namba kubwa na laptopu ikabaki chini, tatizo liko kwenye laptopu. Na zote mbili zikiwa nzuri hapo karibu na ruta lakini laptopu ikafa ukirudi nayo chumbani, tatizo ni nyumba yako. Dakika kumi tu, na umeshajua pa kutafuta. Fundi naye, akiwa mkweli, huanzia hapo hapo.

Tukumbuke pia kwamba namba zile ni megabiti kwa sekunde, na mafaili yetu tunayahesabu kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Mtu akiona 20 anadhani atashusha megabaiti 20 kila sekunde, kumbe ni 2.5. Na ipo namba ya kushusha na ipo namba ya kupandisha, na mara nyingi ya kupandisha ni ndogo zaidi. Sisi wa biashara tunaotuma picha tunategemea ya kupandisha. Chukua picha 100 za harusi, kila moja megabaiti 4. Hizo ni megabaiti 400, sawa na megabiti 3,200. Kama kupandisha kwako ni megabiti 2 kwa sekunde, utangoja karibu dakika 27. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni hesabu tu. Ukiijua, utaziacha zipande usiku umelala badala ya kumgombeza mtoto aliyeshika simu.

Laptopu mpya ina njaa

Hili ndilo wengi hawaambiwi dukani. Laptopu mpya, hasa ya Windows, siku zake za mwanzo hula intaneti kama aliyefungulia swaumu. Imetengenezwa kiwandani, ikasafirishwa, ikakaa ghalani miezi, na wakati wote huo masasisho yalikuwa yakitoka. Ukiiunga tu kwenye waifai inaanza kuyavuta yote: ya Windows, ya programu zilizokuja nayo, ya kinga ya virusi. Yote hayo kimya kimya, na wewe unajaribu kufungua ukurasa mmoja wa vitambaa unaona haukubali.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, na ndani yake ipo safu iliyoandikwa Network. Bonyeza kichwa cha safu hiyo, programu inayokula intaneti kuliko zote itapanda juu. Ukiona ni Windows inajisasisha, basi mgonjwa hana maradhi, ana njaa. Iache usiku mmoja ikiwa kwenye chaji, kwa bando la kutosha, imalize. Usiizime katikati. Asubuhi izime uiwashe tena, kisha pima upya.

Kama unatumia bando la kuhesabu, ipo dawa nyingine. Ingia Settings, kisha Network & internet, chagua Wi-Fi, fungua mtandao wako na uwashe Metered connection. Unaiambia laptopu kwamba intaneti hii ni ya kupima, ijizuie. Itapunguza sana kuvuta vitu vikubwa bila ya kukuuliza. Lakini usiiache hivyo milele, maana masasisho ya usalama ni kinga yako. Kila baada ya muda ipe nafasi yake.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu hapa kasi na amana vinakutana. Laptopu nyingi mpya za Windows, ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, huanza kunakili folda zako za nyaraka, za picha na za mezani na kuzipeleka kwenye OneDrive, yaani kwenye ghala la mtandaoni. Wewe unaona waifai iko pole, kumbe picha za wateja wako zinapandishwa moja moja. Nafasi ya bure huko ni gigabaiti 5 tu, kwa hivyo ikijaa huanza pia kukusumbua kwa maonyo. Hatusemi OneDrive ni mbaya. Wapo waliopoteza laptopu wakaokolewa nayo. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa picha za biharusi ziende wapi uwe wako, usiwe wa mashine. Bonyeza alama ya wingu chini kuliani mwa kioo, fungua mipangilio yake, angalia folda zipi zinanakiliwa, uzime zile usizotaka. Utapata kasi, na utalala ukijua amana iko wapi. Zilizokwisha panda ziangalie pia: ingia huko huko mtandaoni uamue kipi kibaki na kipi kifutwe, ila hakikisha kwanza una nakala yako pembeni kabla hujafuta.

Nyumba zetu na kuta zake

Mji Mkongwe uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na moja ya vitu vinavyousifisha ni hizo nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo joto la mchana haliingii. Wala waifai haiingii. Ruta ikikaa ukumbini na wewe ukakaa chumba cha tatu, mawimbi yamevuka kuta mbili nene, yamefika yakihema. Nyumba za matofali za Ng'ambo na za shamba zina nafuu, lakini nazo zina vizuizi vyake: kabati la chuma, friji, tangi la maji, na kile kioo kikubwa cha meza ya kujipambia. Nyuma ya kioo pana utando wa madini unaorudisha mawimbi kama unavyorudisha sura yako.

Biharusi mmoja tunayemfahamu alikwishaambiwa kadi ya waifai ya laptopu yake imekufa na abadilishe. Kabla hajatoa pesa tukamwomba apime kwa ile njia ya hatua mbili tatu. Karibu na ruta laptopu ilikwenda sawasawa na simu. Ruta yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya meza ya kujipambia, chini, kwa sababu mama mkwe haipendi sura yake. Ikapandishwa juu ya rafu, pahala pa wazi, mambo yakatengemaa. Kadi ile ile inafanya kazi mpaka leo.

Kwa hivyo ruta ikae juu, pahala pa wazi, katikati ya nyumba ikiwezekana. Ikiwa ni ya laini ya simu, isogeze karibu na dirisha linaloelekea upande wenye mtandao mzuri, maana yenyewe nayo inatafuta mnara. Hapo kuna kuvutana kidogo: dirisha kwa ajili ya mnara, katikati kwa ajili yako. Jaribu pahala patatu, pima kila pahala, chagua penye namba kubwa. Isiwekwe juani wala kufunikwa kwa kitambaa cha kazi ya mkono, hata kiwe kizuri vipi. Ikipata joto sana nayo huchoka.

Jambo jingine ni masafa. Ruta nyingi za siku hizi zina njia mbili za waifai: ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 2.4 hufika mbali na huvumilia ukuta, lakini ni njia ya wote. Majirani wako humo, bluetuthi imo humo, na hata jiko la maikrowevu likiwashwa huvuruga humo humo. Ya 5 ni ya kasi na haina msongamano mwingi, ila ukuta mnene huishinda haraka. Wakati mwingine laptopu mpya imejiunga kwenye 2.4 na simu iko kwenye 5, ndiyo maana simu inaishinda. Ndani ya Settings, kwenye sifa za mtandao uliojiunga nao, pameandikwa Network band, utaona uko wapi. Ukikaa chumba kimoja na ruta, chagua 5. Ukiwa mbali, 2.4. Ukilazimika kubaki kwenye 2.4 na mtaa umejaa waifai, ndani ya ruta unaweza kuchagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Chagua ile ambayo majirani wameiacha.

Na kama pembeni mwa laptopu umechomeka diski ya nje ya USB 3, ichomoe upime tena. Vifaa hivyo vinajulikana kwa kuvuruga masafa ya 2.4 vikiwa karibu. Sisi tunaohifadhi picha kwenye diski za nje hili linatuhusu moja kwa moja.

Ikiwa kweli ni laptopu

Tuseme umepima, simu inakwenda, laptopu hapo hapo haiendi, na haijisasishi. Basi fuata haya kwa mpangilio, kimoja kimoja, na upime kila baada ya kimoja.

Izime kabisa uiwashe, usifunge kifuniko tu. Iambie isahau ule mtandao wa waifai, kisha ujiunge upya kwa neno la siri. Iweke kwenye chaji, kwa sababu ikiwa kwenye betri na hali ya kubana umeme, baadhi ya laptopu hupunguza pia nguvu ya waifai. Angalia tarehe na saa. Zikiwa si sahihi, kurasa nyingi zitakataa kufunguka na wewe utadhani ni mtandao. Angalia kama kuna VPN imewashwa, maana hupitisha kila kitu njia ndefu. Angalia kama kuna kinga mbili za virusi: ile ya Windows na ile ya majaribio ya mwezi mmoja iliyokuja na laptopu. Mbili zikifanya kazi kwa pamoja zinaweza kugombana, baki na moja.

Bado? Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, tafuta modeli yake, na ushushe draiva mpya ya waifai. Draiva ni ile programu ndogo inayoifundisha laptopu kutumia kifaa chake. Shusha kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile tovuti zinazojitokeza zikisema zitakutengenezea draiva zote bure, nyingi zinaleta uchafu.

Mwisho jaribu kuiunga kwenye hotispoti ya simu. Ikiwa pole kila pahala, karibu na kila ruta na kila simu, hapo ndipo pana shaka ya kifaa chenyewe. Na kwa kuwa laptopu ni mpya, wa kwanza kupelekewa ni duka ulilonunua, pamoja na risiti, ndani ya muda wa dhamana. Fundi wa mtaani akiifungua kabla, duka linaweza kukataa kuipokea. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia kuifungua.

Dhana na lawama

Tunaruhusu waifai pole ituharibie ndimi. Hatujapima chochote, tumeshasema jirani anatuibia bando. Mume ameambiwa laptopu aliyonunua ni feki. Kampuni imetukanwa. Suratul Hujurat inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu bila ya kujua, na katika sura hiyo hiyo tunakatazwa dhana nyingi. Mafundisho hayo hayakuteremshiwa mambo makubwa tu. Ndoa ngapi changa huanza kuchubuka kwa vitu vidogo kama hivi? Mume kajinyima, kanunua, halafu wiki ya kwanza anasikia lawama, na kumbe Windows ilikuwa inajisasisha.

Ukiwa na shaka na jirani, ingia kwenye ukurasa wa ruta, hesabu vifaa vilivyojiunga. Ukikuta usichokijua, badilisha neno la siri na yaishe. Na sisi wenyewe tujiangalie: neno la siri la jirani ulilopewa siku ya shughuli si ruhusa ya mwaka mzima. Waliokuja kukusaidia kupika siku ya harusi nao bado wana la kwako, kwa hivyo libadilishe ukimaliza fungate.

Wakati mwingine kosa halimo nyumbani hata kidogo. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizotaabika. Siku kama hiyo hata ungenunua laptopu tatu zisingekusaidia. Ukiona simu, laptopu na kwa jirani kote kuko pole, tulia, uliza habari, subiri. Na usinunue bando kubwa zaidi kwa hasira, maana kuongeza maji kwenye mfereji uliotoboka ni israfu.

Kwa wanaosema haya si ya wanawake

Wapo watakaotwambia mwanamke na mambo ya mitambo wapi na wapi, mwachie kaka au mume. Kaka na mume ni baraka, na akikusaidia mshukuru. Lakini picha zile za biharusi, hata kaka na mume wako si maharimu wake. Wao wenyewe hawatakiwi kuziona. Kwa hivyo anayesema mwachie mwanamume aiangalie laptopu, ajiulize kwanza anamwachia nini. Katika biashara yetu hii ya wanawake kwa wanawake, kujua kutengeneza mambo yako madogo ni sehemu ya stara.

Wapo pia watakaosema sisi skuli tuliishia sekondari, Kiingereza cha kwenye kioo kinatushinda. Dada, uliyejifunza kukata gauni la pande kumi na mbili bila ya kupoteza kitambaa, ukajua mshazari na mnyoofu, hushindwi na maneno matano ya Settings. Kuuliza si ujinga. Yaandike kwenye daftari lile lile la vipimo.

Na ikibidi kweli kwenda kwa fundi, nenda kwa adabu ya mwenye amana. Hamisha picha za wateja kwenye diski ya nje, uzifute kwenye laptopu na kwenye pipa la taka pia. Toka kwenye WhatsApp na barua pepe. Fungua akaunti ya pili ya kutumia ndani ya Windows, umpe neno la siri la hiyo, lako libaki lako. Kaa hapo hapo akifanya kazi kama inawezekana. Mkijua mtaani kwenu fundi wa kike, mpelekeeni yeye na mtajane kwa wenzenu, apate riziki na sisi tupate amani. Mambo hayo kayafanye hata kama fundi ni mtu wa ibada, kwa sababu kufunga mlango si kumtukana jirani.

Tunawaomba basi wale wanaomwandalia biharusi sanduku lake mwaka huu: mkimtilia laptopu, somo wake asimfundishe mapishi na mafusho peke yake. Akae naye saa moja wapime waifai pamoja, waangalie picha zinakwenda wapi, waweke neno la siri lisilokuwa tarehe ya harusi. Saa moja hiyo itamfaa zaidi kuliko mkoba wa nne.

Allah atuhifadhie siri zetu na za wale waliotuamini, awape mabiharusi wetu nyumba zenye utulivu, na atujaalie tuwe watu wa kuhakikisha kabla ya kulaumu. Aamin. Wassalaamu alaykum.